Lekteri Mbili Mbele ya Muzee Kasereka

Ninyi vijana munaofungua karton asubuhi, munabonyeza telefoni, muziki unatoka, na mchana munajiita mafundi, ninawaonea wivu. Nasema wazi, sina haya. Mimi vidole vyangu vimeungua kwa chuma cha kulehemu mpaka mama wa watoto wangu anasema siwezi tena kujua kama kikombe ni cha moto. Ninyi hata bisibisi hamuna. Na bado watu wa mtaa wa Himbi wanawaita "ingénieur"! Eeh, dunia.

Naitwa Anselme. Nimemaliza kazi, sasa nakaa nyumbani Mabanga, lakini nusu ya bafle, spika zile, zinazoimba kwenye saluni za Goma, vyumba vya kupokelea wageni, zimepita mikononi mwangu. Nilitengeneza radio, ampli, mashine za kanda na za sahani za santuri. Nilipokuwa karibu kupumzika, lekteri za rezo zikaingia. Kwa yule asiyejua: lekteri ni kisanduku kidogo kinachovuta muziki kwenye rezo, mtandao wa nyumba, kiutoe kwenye internet ao kwenye disque ya kuhifadhia iliyo pale pale nyumbani, kinaupatia ampli, na ampli inaupatia bafle. Hakina kanda, hakina kitu kinachozunguka, hakina hata kitu cha kupangusa vumbi. Mara ya kwanza nilikigeuza huku na huku nikitafuta mahali pa kutia mukono. Hakuna. Nikakichukia pale pale.

Mumeniomba niwaambie juu ya kazi. Sawa. Lakini sijui kueleza kazi bila kueleza wivu, kwa sababu karibu yote ninayoyajua niliyajua nikiwa namukimbiza mutu mumoja. Jina lake ni Neema. Bado anaishi, anafanya kazi, na mukimuona musimupe salamu zangu.

Sisi wawili tulifundishwa na Muzee Kasereka. Yeye alitoka Butembo akiwa kijana, akafungua atelie ya kutengeneza radio hapa Mabanga. Alikuwa na maneno machache na masikio makubwa. Makubwa kweli, yalikuwa yanatoka nje ya kofia. Alikuwa anageuzia bafle mugongo, anafunga macho, anasema: "Kuko waya moja inalia." Unafungua, unakuta waya imelegea. Mimi nilikuwa wa kwanza kwake. Nilifagia ile atelie, nilibeba bafle nzito mpaka kando ya ziwa, na nilifikiri siku moja ataniambia neno la sifa.

Kisha Neema akaingia. Wazazi wake walikuwa wafugaji wa Rutshuru waliohamia mujini. Alileta radio ya mama yake, akasimama mulangoni akingoja zamu yake, akamuambia Muzee: "Papa, ile bafle ya pale mwisho imepasuka." Ilikuwa ni bafle niliyoimaliza mimi, nimeifunga, nimeipangusa, inaimba pale, mwenyewe yuko njiani kuichukua. Muzee akageuza mugongo, akasikiliza. Ilikuwa imepasuka. Akacheka mpaka akashika meza. "Weye, kesho urudi," akamuambia.

Tangu siku ile, kila mteja aliyeingia alisikia wimbo mumoja tu: "Sikio iko kwa Neema." Na mimi? "Anselme iko na mikono." Mikono! Hata fundi wa viatu ana mikono. Muzee akimuongezea Neema mboga ya sombe, mimi fufu inanikwama kooni.

Nitawapa mufano. Kuko nyumba moja karibu na ziwa, bafle zake zilikuwa zinaguna mchana kutwa: mmmm, mmmm. Nikabadilisha waya, nikafungua ampli, nikaifunga. Mmmm. Muzee akasema shida iko chini, umeme hauna pa kushukia. Ninyi munajua ardhi yetu: chimba kidogo tu, unakutana na jiwe la volkano. Nikakamata nyundo nikapiga nondo ya shaba ya kupeleka umeme ardhini ili ishuke, nikapiga, nikapiga, ikapinda kama kijiko cha mutoto. Neema hakugusa nyundo. Alikwenda kwa mama mumoja aliyekuwa analima mboga kule chini, akaomba gunia la udongo mweusi, akarudi nalo kichwani. Tukapanua shimo, tukatia udongo ule, makaa na chumvi, tukamwaga maji, nondo ikasimama humo. Mguno ukanyamaza. Muzee akamushika Neema bega mbele ya mwenye nyumba: "Munaona mutoto huyu?" Nani alipanua shimo? Mimi. Nani alitoka na malengelenge? Mimi. Hakuna aliyeuliza.

Lakini ile njia ishikeni. Kabla ya kununua lekteri ya bei kubwa, ulizeni kwanza umeme wa nyumba unashukia wapi. Na ule udongo unataka maji wakati wa kiangazi, musiusahau kama watu wa ile nyumba walivyousahau.

Baadaye Muzee alizeeka, akafunga atelie, kila mutu akashika njia yake. Neema akafungua pake. Mimi nikabaki na wateja wa Himbi, nikawa nawalinda kama mutu analinda kuku. Mukubwa wao alikuwa Mama Béatrice, mwenye nyumba nzuri ya mawe. Ndiye aliyenipa lekteri yangu ya kwanza kuifunga. Sanduku la internet lilikuwa ofisini kwake, lekteri nikaiweka saluni, katikati kuko ukuta wa mawe ya volkano, mweusi, munene, wa kujivunia mbele ya wageni. Nikawasha. Muziki ukaimba, ukakatika, ukaimba, ukakatika, kama mutu amemeza mufupa. Nikasema lekteri ni mugonjwa. Nikaleta nyingine. Ile ile. Nikasema basi internet ni mugonjwa, nikagombana kwenye telefoni na watu wa internet mpaka wakanikatia.

Siku iliyofuata nikarudi, nikamukuta Neema saluni. Mama Béatrice alikuwa amemuita bila kuniambia. Na alikuwa anakunywa chai! Kwenye vikombe vyenye maua, vile vya kabati ya vioo. Mimi miaka yote katika nyumba ile nilipewa chai kwenye kikombe cha plastiki, jikoni.

Neema hakufungua kitu. Alisimama, akatembea na telefoni mukononi kutoka ofisi mpaka saluni, akitazama nguvu ya rezo. Akafika kwenye ukuta, akaupiga ngumi polepole. "Papa Anselme, hii rezo ilikuwa ipite wapi?" Kisha akafungua mulango wa korido. Muziki ukaja wote, bila kukatika. Mulango tu! Mama Béatrice akapiga makofi. Mimi nikasema nina kazi pengine, nikatoka, na kazi sikuwa nayo.

Sasa sikilizeni jinsi wivu unavyofundisha. Nilikwenda nyumbani nikaapa Neema hatanikuta tena na kitu nisichokijua. Nikanunua lekteri yangu mwenyewe, nikaifungua, nikaiharibu, nikanunua ingine. Nikajifunza kwamba katika nyumba zetu za mawe rezo ya hewani si ya kutegemea: toboa ukuta, pitisha kamba ya rezo, ile waya yake, mpaka kwenye lekteri, ulale vizuri. Nikajifunza kwamba muziki wa internet ni mutamu mpaka megas ulizonunua ziishe, basi ule unaopendwa na mwenye nyumba uweke kwenye disque pale pale, rezo ya nje ikikufa waendelee kuimba. Nikajifunza kwamba ile mashine ya bei rahisi inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba inatia kelele yake ndani ya wimbo, na kwamba mutu anaweza kulaumu lekteri nzuri mwaka muzima kwa sababu ya betri. Yote hayo sikuyatafuta kwa kupenda elimu, musijidanganye. Nilikuwa naona vile vikombe vya maua.

Halafu mikono ya Muzee Kasereka ikaanza kutetemeka.

Yeye alikuwa na mali moja tu: kanda. Maisha yake yote alikuwa anapanda milima na mashine yake kurekodi kwaya za parokia, za Butembo, za Masisi, za vijiji ambavyo siku hizi hakuna anayefika. Sasa hakuweza tena kuingiza kanda kwenye mashine. Inaanguka, anaiokota, inaanguka. Binti yake Riziki, anayemutunza, alihamisha zote kwenye disque. Kisha akatupigia simu sisi wawili, mimi na Neema, maneno yale yale. "Papa anataka lekteri atakayoiendesha kwa kidole kimoja. Lakini anataka kuchagua kwa sikio lake. Kila mutu alete ile anayoamini, aipange mwenyewe. Atakayoipenda itabaki."

Munielewe vizuri. Sikuwa napigania lekteri. Nilitaka mara moja tu, mbele ya Neema, Muzee aseme sikio liko kwangu. Ni hiyo tu. Nilikuwa babu mwenye wajukuu na usingizi ulikuwa unanikataa kwa ajili ya hiyo.

Tulipewa kila mutu siku yake ya kupanga. Yangu ilipofika, nikatoboa ukuta, nikapitisha kamba, nikawasha kwaya moja ya akina mama na wanaume. Nikasikiliza nimesimama: muzuri. Nikakaa kwenye kiti: muzuri. Nilikuwa karibu kufunga mufuko wangu nikamutazama Muzee amelala kitandani, pale anapokaa mchana wote, kichwa karibu na kona ya ukuta. Nikajiambia: lakini yeye hasikilizi akiwa amesimama.

"Papa," nikamuambia, "nipishe kidogo kitandani."

Akanitazama. "Unataka kunirithi na ningali mzima?"

Riziki akacheka, akamusaidia kuhamia kwenye kiti. Nikavua viatu, nikalala kwenye muto wake. Mama yangu! Pale kwenye kona sauti nzito zilikuwa zinajazana zikivimba, wanaume wa besi walikuwa wanaimba kama wamo ndani ya pipa, na akina mama wamezama kabisa. Lekteri yangu ina mahali pa kupunguza sauti nzito bila kugusa nyingine. Nikapunguza kidogo, nikalala, nikaamuka, nikapunguza, nikalala tena. Muzee anatazama tu, kama mutu anaangalia mbuzi amepanda meza. Mwishowe akina mama wakatoka wazi juu ya wanaume, na nikasikia yule wa mbele anavyovuta pumzi kabla ya kuanza. Nikaamuka. "Muto wangu sasa unanuka jasho yako," Muzee akasema, akarudi kulala.

Siku ya dimanche, Jumapili, misa ilipoisha, tukakutana. Riziki alikuwa ametundika kitenge kwenye kamba mbele ya meza, yeye ndani pamoja na lekteri zote mbili, sisi nje hatuoni. Neema alikaa upande wa kichwa cha Muzee. Alifikaje pale kabla yangu, sijui. Mimi nikapata benchi ya mulangoni.

"Kwanza sauti zilingane," akasema Neema. Akaweka telefoni yake kwenye muto, ile programu inayopima nguvu ya sauti. Yangu ilikuwa inatoka na nguvu kidogo kuliko yake. "Papa Anselme, teremusha yako."

Na alisema kweli. Andikeni hiyo popote munapoandika: inayopiga kwa nguvu zaidi, sikio la mutu litasema ni bora, hata kama ni bure kabisa. Musilinganishe lekteri mbili kabla ya kusawazisha nguvu zake. Nilijua hiyo, nilikuwa nimejifunza. Lakini ilinichoma kwamba ameisema yeye kwanza. Nikateremusha.

Riziki akaanza na lekteri moja. Nikaijua, si yangu. Ayi, ilikuwa nzuri! Tamu, kila sauti na mahali pake. Kisha akaweka ya pili, wimbo ule ule. Vidole vya Muzee, vile vinavyotetemeka ovyo, vikaanza kufuata wimbo juu ya blanketi. Akafungua macho.

"Rudisha ya kwanza."

Akarudishiwa.

"Rudisha ya pili."

Akasikiliza mpaka mwisho. Neema hakutikisika. Mimi nilikuwa nimeshika benchi kwa mikono yote miwili.

"Ya pili," akasema Muzee. "Hapa nasikia ule mama anavuta pumzi. Ndiyo hii." Akageuza kichwa, akamutazama Neema na uso wote ukafunguka. "Mutoto wangu, nilijua. Sikio iko kwako."

Nilifungua kinywa. Neema akanitangulia.

"Papa, ile ya pili si yangu. Ni ya Anselme."

Hata ukweli wangu aliusema yeye! Ningepewa nafasi ya kuusema mwenyewe, kwa sauti yangu, ningelala na furaha hata mwezi. Muzee akanitafuta kwa macho mpaka akanipata mulangoni.

"Ya Anselme?"

"Ndiyo, Papa."

"Riziki, pengine umechanganya. Weka tena."

Riziki akatoa kitenge kabisa, Muzee aone kwa macho. Akaweka tena. Muzee akasikiliza wimbo wote, na mimi nikawa nasali, ndiyo, nasali, mutu mzima, kwa ajili ya kisanduku.

"Ni muzuri," akasema. "Umefanya kazi, Anselme. Ibaki."

Nikainuka. Nikasikia moto muzuri kifuani, nikasema sasa ndiyo, sasa neno litakuja. Muzee akaweka mukono wake juu ya mukono wa Neema.

"Na weye," akamuambia, "utakuwa unakuja kila dimanche kunichagulia nyimbo. Mimi peke yangu sitajua nianze na gani."

"Nitakuja, Papa."

Basi. Nilishinda, munaona? Kisanduku changu kilikuwa pale mezani, kizuri, kimechaguliwa mara mbili. Na nafasi niliyoitaka ilikuwa pembeni ya muto, imekaliwa.

Nilimusaidia Neema kubeba lekteri yake mpaka barabarani tungoje pikipiki. Pale akauliza: "Riziki ameniambia ulilala kwenye kitanda chake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Mimi sikufikiria hiyo hata kidogo." Akatikisa kichwa. "Nilipanga nikiwa nimekaa kwenye kiti. Mujinga mimi."

"Lakini ni weye utakuwa unakuja kila dimanche."

Akanitazama. "Papa Anselme, ni wivu hiyo?"

"Ni wivu."

Akacheka, si kwa kunichekelea. "Basi kuja na weye. Nani amekukataza?"

Sasa nakwenda. Misa ikiisha nashika mufuko wa vyombo, nagonga kwa Riziki, nasema nimekuja kukagua kamba ya rezo. Kamba ile haina ugonjwa, na watu wote wa nyumba ile wanajua. Naishika, naivuta kidogo, nasema iko sawa, kisha nakaa. Neema anachagua nyimbo. Mbaya zaidi, anachagua vizuri. Anajua lini Muzee anataka kwaya ya Masisi na lini anataka kunyamaza, na mimi nakaa nikijaribu kukisia ya kufuata, nakosa.

Mutaniuliza kama wivu umeisha. Aka, wapi! Dimanche iliyopita Neema alikuwa na malaria, hakuja. Nikamukuta Muzee peke yake, kiti cha pembeni ya muto kitupu. Nikakaa hapo. Nikatafuta kwenye disque taratibu, nikamuchagulia wimbo wa akina mama wa parokia ya kwao, ule alioupandia mlima akiwa kijana. Nikauweka. Alifunga macho. Vidole vikafuata juu ya blanketi toka mwanzo mpaka mwisho, na kwenye jicho lake moja machozi yakatoka, nikayaona. Wimbo ukaisha. Nikangoja.

"Anselme."

"Papa."

"Neema anaendelea aje?"

Nikamuambia amepata dawa, anaendelea vizuri, dimanche ijayo atakuja.

"Muzuri," akasema. Akasogeza kichwa kwenye muto, akafunga macho tena, akingoja nimuwekee mwingine. Nikamuwekea. Ningefanya nini?